Kalibu: Ufundi uliojificha nyuma ya sanamu za shaba

MPITA NJIA anayefika makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina, katikati ya jiji la Nairobi, hukutana ana kwa ana na Dedan Kimathi. Bunduki imo katika mkono wa kulia, jambia katika mkono wa kushoto, na nywele zake ni ndefu zilizosokotana. Sanamu hiyo ya shaba, kazi ya msanii Kevin Oduor, ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu serikali ya kikoloni imnyonge kiongozi huyo wa Mau Mau.

Wengi wanaoipiga picha husema kuwa imechongwa. Lugha ya kila siku inaruhusu kauli hiyo, ila ufundi hauikubali. Mchongaji wa Wamunyu huanza na gogo la mti, naye wa Tabaka huanza na jiwe laini la Kisii. Wote wawili huondoa kisichotakiwa hadi umbo litokeze. Sanamu ya shaba ya ukubwa wa mtu haitengenezwi hivyo. Husubiwa, yaani madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Fundi hujenga kwanza nafasi tupu yenye umbo la sanamu, kisha huijaza.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Mchongaji anayekosea huliona kosa lake papo hapo, na mara nyingine huweza kulificha. Anayesubu hukosea gizani. Ufa mdogo katika kalibu, au unyevu uliosalia ndani yake, hujulikana tu baada ya shaba kumiminwa, na wakati huo mkaa umeteketea, fedha zimetumika na kazi ya miezi kadhaa huenda imepotea. Tena si kazi pekee iliyo hatarini, kwani unyevu huo huo huweza kumuua fundi.

UMBO NA KINYUME CHAKE

Kalibu ni kinyume cha umbo. Pua iliyotokeza huwa shimo, na tundu la sikio huwa kinundu. Mtoto anayecheza ufuoni huijua kanuni hii bila kufundishwa: hujaza mchanga mbichi katika nusu ya kifuu cha nazi, hukigeuza, na kilima kidogo hubaki chini. Lakini mtoto huyo akijaza mchanga katika kifuu kizima chenye tundu dogo juu, hautatoka kwa umbo lake mpaka kifuu kivunjwe.

Tatizo la kifuu kizima ndilo tatizo kuu la utengenezaji wa kalibu. Sanamu ya binadamu imejaa mahali panaponasa: nyuma ya masikio, chini ya kidevu, katika kwapa, kati ya vidole. Nywele zilizosokotana kama za Kimathi ni mitego mitupu. Kalibu ngumu iliyofinywa juu ya nywele kama hizo haiwezi kuvuliwa bila kuvunja ama nywele ama kalibu yenyewe.

Mafundi wa dunia nzima wamepata njia tatu za kuondoka katika mtego huo. Wapo wanaoikubali hasara na kuivunja kalibu. Wapo wanaoigawa vipande vingi, kila kimoja kikitoka kwa upande wake, vikiwa na meno na vishimo vya kushikana ili visiteleze vinaporudishwa pamoja. Na wapo wanaotengeneza kalibu ya kitu kinachopindika, kama mpira. Kazi nyingi za leo huchanganya njia hizo zote.

PLASTA NA RANGI YA ONYO

Anayeanza kujifunza hukutana kwanza na plasta ya Paris. Hii ni jasi iliyopashwa moto wa nyuzi 150 hivi za Selsiasi hadi ikapoteza sehemu kubwa ya maji yaliyomo ndani yake. Ikirudishiwa maji, huganda upya kuwa jiwe katika muda wa takriban nusu saa.

Kosa la wanagenzi wengi ni kumwaga maji juu ya plasta, jambo linaloacha madonge makavu ndani. Desturi iliyo sahihi ni kuinyunyiza plasta juu ya maji, kidogo kidogo, hadi visiwa vitokeze juu. Huachwa inywe maji kwa dakika moja au mbili, ndipo ikorogwe polepole kwa mwiko uliozama, usije ukaingiza hewa. Kila povu linalonasa katika kalibu litakuwa kipele katika uso wa sanamu.

Tuseme msanii amefinyanga kichwa cha udongo na anataka kimoja tu cha kudumu. Hukifunika kwa plasta, huigawa kalibu sehemu mbili, huung'oa udongo (ambao kwa kawaida huharibika), huosha ndani, hupaka sabuni ili visigandamane, kisha humimina plasta mpya au saruji. Baada ya hapo huchukua patasi na nyundo na kuibandua kalibu yote kipande kwa kipande. Hapa kuna hila ya zamani inayostahili kusifiwa. Tabaka la kwanza la kalibu, lile linalogusa uso, hutiwa rangi kidogo, mathalani ya buluu. Fundi anapobandua plasta nyeupe na kuanza kuona buluu, hujua kwamba pua ya sanamu iko umbali wa unene wa kucha, na huipunguza nguvu nyundo yake. Bila rangi hiyo angegundua kuwa amefika usoni wakati pua imekwisha kuanguka.

Plasta ina sura ya upole inayodanganya. Inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto hilo hufikia nyuzi 60 hivi, likiwa limefungiwa ndani ya kitu kigumu kisichovulika. Mwaka wa 2007 nchini Uingereza, msichana wa miaka 16 alizamisha mikono yake katika ndoo ya plasta katika somo la sanaa ili apate umbo la mikono hiyo. Plasta iliganda mikono ikiwa ndani. Aliungua vibaya na kupoteza vidole vyake vingi. Mwalimu yeyote anayepanga somo la aina hiyo hapaswi kuruhusu plasta igandie kiungo chochote cha mwili kwa namna hiyo.

Kwa mikono na nyuso hutumika aljineti, unga ule ambao madaktari wa meno hukoroga na maji kuchukulia umbo la meno. Huganda bila joto la kuunguza na hupindika kama kocho. Asili yake ni mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi. Mwani unaolimwa na wanawake wa Kwale na Unguja ni wa jamii nyingine na hutoa kitu kingine. Kasoro ya aljineti ni kwamba hukauka na kunywea haraka, hivyo kalibu yake lazima ijazwe siku hiyo hiyo.

MPIRA NA GANDA LAKE

Silikoni ndiyo iliyobadilisha karakana za sanamu katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ni mpira wa majimaji unaochanganywa na dawa ya kuugandisha, kisha hupakwa kwa brashi juu ya umbo, tabaka baada ya tabaka. Huingia katika kila mkunjo, hata alama ya kidole cha msanii hubaki. Ukishaganda, huvuliwa kama soksi, na mahali pote panaponasa huachia.

Hata hivyo, mpira pekee hauna msimamo. Ukijazwa plasta au nta hutanuka na kupotoka. Kwa sababu hiyo kabla ya kuuvua fundi huujengea nje ganda gumu la plasta au la nyuzi za kioo zilizotiwa resini, lenye vipande viwili au zaidi, ambalo hulazimisha mpira kurudi katika umbo lake halisi. Bei yake nayo si ya mzaha, na kosa moja huuharibu wote: zipo aina za silikoni zisizoganda kabisa zikigusa udongo wa kufinyangia wenye salfa. Fundi mwenye busara hujaribu tone moja pembeni kabla ya kumwaga ndoo nzima.

NTA INAYOPOTEA

Kutoka hapo kazi huingia katika ufundi wa kale zaidi, ule wa nta inayopotea, ambao kwa maelfu ya miaka haukubadilika katika kiini chake.

Nta iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu ya mpira na kuzungushwa ili iambae ndani, kisha inayobaki humwagwa. Hurudiwa hadi ukuta wa nta ufikie unene wa milimita tano hivi. Sanamu huwa tupu ndani kwa sababu tatu. Shaba ni ghali. Shaba ni nzito. Na ya tatu, ambayo wengi hawaijui, shaba hunywea inapopoa, takriban sehemu moja na nusu hadi mbili kwa mia ya urefu wake. Mahali penye unene mkubwa hupoa mwisho na huvuta shaba ya jirani, na matokeo yake huwa nyufa na mabonde. Ukuta wenye unene ulio sawa hupoa kwa usawa.

Sanamu ya nta ikitoka, fundi huirekebisha kwa kisu chenye joto. Kisha huipima kwa mizani, kwa kuwa kila kilo moja ya nta itadai kilo kumi hivi za shaba. Huibandikia vijiti vya nta: vinene vitakavyokuwa mifereji ya kuingizia shaba, na vyembamba vitakavyokuwa njia za kutolea hewa. Hapa ndipo uzoefu hutofautisha fundi na fundi. Hewa isipopata njia ya kutoka hujikusanya mahali pa juu, na shaba huishia hapo. Sanamu nyingi zimetoka bila vidole kwa sababu ya kijiti kimoja kilichosahauliwa.

Utupu wa ndani hujazwa kiini cha plasta iliyochanganywa na tofali lililopondwa, na misumari hupigwa kupenya nta ili kiini kisielee nta itakapoondoka. Halafu kitu chote hufunikwa kwa mchanganyiko huo huo. Karakana za kisasa huichovya nta mara kadhaa katika uji wa silika na kuinyunyizia mchanga laini, hadi lijengeke ganda jembamba linalostahimili moto. Mafundi wa Afrika Magharibi hutumia udongo laini kwanza, kisha udongo mzito zaidi.

Kalibu hupinduliwa na kuingizwa tanurini. Nta, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 60 na kitu, hutiririka nje na mabaki yake huungua. Kalibu nene ya plasta hukaa motoni kwa siku kadhaa, kwenye nyuzi 600 hadi 700, mpaka hakuna chembe ya maji wala ya nta ndani. Kufikia hapo sanamu haipo popote isipokuwa kama utupu. Ikiwa hakuna kalibu ya mpira iliyohifadhiwa, hakuna nafasi ya pili.

Ndipo shaba huyeyushwa. Bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati kwa kiasi cha tisa kwa moja, humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200. Umiminaji haukai hata dakika moja. Haukatizwi, kwani shaba iliyotangulia ikianza kuganda, ile inayofuata haiungani nayo.

Baada ya kupoa, ganda huvunjwa kwa nyundo. Kinachotoka hakipendezi: kitu cheusi chenye mikia ya mifereji, mfano wa mizizi. Mikia hukatwa, matundu ya misumari huzibwa, viungo huchomelewa (sanamu kubwa husubiwa vipande vipande) na mishono husuguliwa kwa tupa hadi isionekane. Rangi ya mwisho, iwe kahawia au kijani, kwa kawaida si rangi ya kupaka. Ni dawa zinazoila shaba juu juu huku ikipashwa moto.

KUTOKA SHANGA HADI BENIN

Ufundi huu si mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifukua kisanamu kidogo cha simba kilichosubiwa kwa njia ya nta takriban miaka 900 iliyopita. Siwa ya Lamu nayo, ile baragumu kubwa iliyopigwa katika sherehe za waungwana, ni kazi ya shaba iliyosubiwa kwa njia hiyo hiyo, tofauti na siwa ya Pate ambayo ni ya pembe ya ndovu. Wanaojivunia nakshi za milango ya Lamu mara chache huitaja siwa hiyo kama kazi ya kalibu, ilhali ni miongoni mwa ushahidi bora wa ufundi wa madini katika mwambao huu.

Kilele cha sanaa hiyo barani kiko Nigeria. Vyombo vya Igbo-Ukwu ni vya karne ya tisa hivi, na vichwa vya Ife vilivyofukuliwa mwaka wa 1938 viliwashangaza Wazungu waliokuwa wakidai Mwafrika hawezi kazi ya namna hiyo. Mafundi wa Benin, waliofanya kazi chini ya Oba, walifinyanga nta moja kwa moja juu ya kiini cha udongo bila kalibu ya kwanza. Hivyo kila sanamu yao ni ya pekee; hata mbili zinazofanana hazilingani kabisa. Majeshi ya Uingereza yalipouvamia mji huo mwaka wa 1897 yalibeba maelfu ya kazi hizo, na ni vigumu kuzirudia kwa sababu kalibu zake zilivunjwa siku zilipozaliwa. Ujerumani ilirudisha 20 mwezi Desemba 2022. Katika mtaa wa Igun mjini Benin, chama cha mafundi hao kingali kinasubu.

Wakoloni walifuata njia yao. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka wa 1927, ilisubiwa London na kuletwa kwa meli. Msanii wake, James Alexander Stevenson, ndiye aliyetengeneza pia zile sanamu tatu za barabara ya Kenyatta jijini Nairobi, zilizozinduliwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka askari na wachukuzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

MAJI, MOSHI NA VYUMA KUUKUU

Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Tone lililofichwa ndani ya kalibu, likikutana na shaba ya nyuzi 1,100, hugeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na shaba hurushwa nje kama risasi. Kwa hiyo kalibu hukaushwa hadi iwe kavu kabisa, na hata kipande cha shaba kitakachoongezwa chunguni hupashwa moto kwanza. Sakafu ya saruji nayo huweka unyevu; shaba ikimwagika juu yake saruji hupasuka na kuruka. Mafundi humiminia juu ya mchanga mkavu, wakiwa wamevaa ngozi na pamba nzito. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini.

Hatari ya pili ni ya moshi. Katika mitaa kama Kibera, mafundi huyeyusha kufuli kuukuu na vifaa vya mabomba kutengeneza bangili na vipuli. Vitu hivyo ni vya shaba njano, ambayo ina zinki, na zinki huchemka kwa nyuzi 907, chini ya joto linalohitajika kumiminia. Ule moshi mweupe unaopaa ni zinki inayoungua. Anayeuvuta hushikwa na homa na kutetemeka usiku huo. Wengi huamini kuwa glasi ya maziwa ni dawa. Maziwa hushuka tumboni, moshi umeingia mapafuni. Dawa ni kusimama upande unakotoka upepo na kuvaa barakoa inayofaa. Vumbi la maganda ya silika ni adui mwingine, nalo huua polepole.

Wasubu wa jua kali kwa kawaida hawatumii nta. Hushindilia mchanga wenye unyevu kidogo na udongo ndani ya visanduku viwili, huchapa umbo la kifaa katikati, huliondoa na kumimina alumini, inayoyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Unyevu huo mdogo hauna madhara kwa kuwa mchanga hupumua, mradi usizidi. Ni njia ya haraka na rahisi, inayofaa mapambo ya malango na vipuri vya mashine. Kwa vyombo vya kupikia tahadhari inahitajika: utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu vyungu vya alumini vilivyosubiwa Kameruni kutokana na vyuma kuukuu ulionyesha kuwa vilitoa risasi, yaani madini yale ya sumu, katika chakula.

Soko la vyuma kuukuu lina upande mwingine unaowagusa wasanii. Shaba haina kumbukumbu. Sanamu ikirudishwa chunguni huwa madini tena. Desemba 2005, wezi walibeba sanamu ya Henry Moore yenye uzito wa tani mbili na ushei kutoka uwanja wa wakfu wake nchini Uingereza. Thamani yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni tatu. Polisi walisema mwaka wa 2009 kuwa waliamini iliyeyushwa na kuuzwa kama chuma kuukuu kwa pauni 1,500 hivi. Nchini Kenya, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu Januari 2022 baada ya miundomsingi ya umeme kuharibiwa, na kuiruhusu tena Mei mwaka huo.

Hapo ndipo thamani ya kalibu huonekana. Nchini Ufaransa sheria huhesabu kuwa kazi asilia nakala 12 pekee za sanamu iliyosubiwa, nane zenye nambari na nne za msanii. Zinazozidi huhesabiwa kuwa nakala za kawaida. Msanii ambaye sanamu yake imeibwa au kupasuka, lakini kalibu yake ya mpira ipo, anaweza kuanza upya kutoka kwenye nta badala ya udongo. Kwa sharti moja: mpira uwe umehifadhiwa ndani ya ganda lake, umefungwa, mbali na jua. Ukilazwa rafuni bila ganda, hujipinda kwa uzito wake mwenyewe, na kila uso utakaotoka humo utakuwa umekwenda upande.